Ukisikia Neno la Ofisini, Uliza: "Yaani Nini?"

Katika kikao kimoja cha kukusanya maoni ya wananchi, afisa alitangaza kwamba sasa kuna "ramani ya barabara" ya miaka mitano. Mzee aliyeketi nyuma akainua mkono. "Asante, mwanangu. Na hiyo barabara inapita kwa nani?" Watu wakaangua kicheko. Afisa alikuwa akizungumzia mpango wa kazi. Mzee alikuwa akizungumzia matope.

Sisi wa ofisini tuna lugha yetu. Tukisema "wadau" tunamaanisha wewe na jirani yako. "Kujengewa uwezo" ni mafunzo ya siku mbili, pamoja na chai. Na "mchakato unaendelea" mara nyingi humaanisha kazi haijaanza. Maneno haya yanachekesha, lakini yana hasara: asiyeelewa hunyamaza, na kalvati ya aliyenyamaza haiandikwi popote.

Kwa wakazi wa wadi za Subukia, Waseges na Kabazi, haya ndiyo maneno ya kujua kabla ya kikao:

CIDP: Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano.

ADP: Mpango wa maendeleo wa mwaka mmoja, unaotokana na ule wa miaka mitano. Kisheria hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1.

Makadirio ya bajeti: Pesa zinazopendekezwa kwa kila kazi. Hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Kwa hivyo ukingoja Mei ndipo utaje kalvati yenu, nafasi imebaki finyu. Itaje mapema, ADP ikiandaliwa.

Matumizi ya kawaida: Mishahara, mafuta ya magari, stima za ofisi.

Matumizi ya maendeleo: Barabara, maji, majengo ya zahanati. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende huku, ikipimwa kwa kipindi cha miaka kadhaa.

Ufyonzaji wa fedha: Pesa zilizotumika kati ya zile zilizotengwa. Ukiambiwa ufyonzaji uko chini, jua kuna kazi iliyoandikwa lakini haijafanywa.

Mapato ya ndani: Ada za soko, leseni za biashara, maegesho. Yaani pesa zinazotoka mfukoni mwako.

Kuuliza si utovu wa adabu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, unaweza kuandika ombi lako kwa Kiswahili, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Asiyeweza kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa kuliandika.

Kikao kijacho, nenda na maswali manne: Ni kazi gani? Itafanyika wapi? Kwa pesa ngapi? Itaanza lini? Ukijibiwa "mchakato unaendelea", usiketi. Uliza tena, kwa heshima: "Yaani nini?"