Sahani Isiyopakuliwa Wali

Anayezijua sahani hazitazami usoni. Huinyanyua moja, huigeuza kifudifudi, kisha husogea nayo mlangoni penye mwanga. Hapo ndipo mwenye duka la vitu vya kale katika Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, huacha alichokuwa akifanya na kuja kusimama karibu, maana wateja wengi husifia maua, huuliza bei, hao wakaenda.

Mgongoni mwa sahani pana maneno. Ikiwa na picha ya sfinksi, yule mnyama wa hadithi mwenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu, pamoja na jina la Petrus Regout, basi imetoka Maastricht, kusini mwa Uholanzi. Ikiwa na herufi "Rd No" na tarakimu mbele yake, nakshi au umbo lake liliandikishwa Uingereza, na namba hizo zilianza kutolewa 1884. Jina la nchi nalo lina habari zake. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya kutaka bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotengenezwa, na viwanda vya Ulaya vikaanza kupiga chapa ya nchi zao. Maneno "Made in" kwa kawaida ni ya karne ya 20. "Hii ya enzi za Seyyid Said, mama," muuzaji ataapa. Seyyid Said alifariki 1856. Sahani iliyoandikwa "Made in Holland" haikumdiriki.

Si kwamba ya Kiholanzi haina thamani. Viwanda vya Maastricht vilitengeneza sahani na mabakuli kwa ajili ya masoko ya mbali, na pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa mnunuzi mzuri: rangi kali, maua makubwa, mistari ya kuzunguka ukingo. Vyombo hivyo viliingia katika nyumba ambazo tayari zilikuwa na desturi ya muda mrefu ya kuweka sahani mahali pasipo chakula.

Desturi hiyo ni ya kale kuliko viwanda vyenyewe. Makaburi ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalipambwa kwa vyombo vya Kichina vilivyopachikwa ndani ya chokaa; vingi vimekwisha kung'olewa, yamebaki mashimo ya mviringo. Huko Mambrui, karibu na Malindi, kuna kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya kauri ya zama za Ming. Na katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kilikuwa na zidaka, safu kwa safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, vya kuwekea kauri. Wengine waliamini kwamba kauri hizo hulikinga jicho la hasidi, lisimfikie mwenye nyumba.

Binti wa Sultani, Salme, aliyeondoka Unguja 1866 na kuandika kumbukumbu zake huko Ujerumani chini ya jina la Emily Ruete, aliueleza upambaji huo katika kitabu chake cha 1886. Anataja shubaka za ukutani zilizopangwa vyombo vya kioo na sahani zilizochorwa kwa mkono, vioo vikubwa kutoka Ulaya, na saa. Mtu akipanga leo sahani 12 juu ya kochi lake la Mikocheni au Nyali na kuona amegundua jambo, basi ajue ametanguliwa.

Sahani hiyo hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Juu yake mwalimu aliandika aya kwa zafarani, akazisuuza kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa kombe. Kwa hiyo mikwaruzo ya mgongoni na doa la njano lisilotoka ni historia ya nyumba. Baadhi ya sahani za zamani zina matundu mawili madogo kwenye duara la chini ambamo uzi ulipitishwa ili zitundikwe. Zenye matundu hazihitaji kitu zaidi ya waya mwembamba na msumari wa zege. Zisizo nayo hushikwa na vishikizo vya springi, na hapo pana onyo: springi ikibana mno, sahani yenye ufa usioonekana huachia usiku wa manane. Mafundi wenye busara huzigonga kwanza kwa ukucha. Nzima hulia kama kengele ndogo. Yenye ufa hutoa sauti ya kibuyu. Na ikishapanda ukutani ibaki huko huko. Rangi za kauri za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na haifai kuzipakulia wali, seuze achari ya ndimu, kwa kuwa ukali wa tindikali huyayeyusha madini hayo.

Kasha ni mtihani mkubwa zaidi. Salme anayataja pia: makubwa, mazito, yamepigwa misumari midogo ya shaba kwa maelfu, yana droo chini na mahali pa siri pa kufichia fedha na vito. Mengi yaliletwa na majahazi kutoka India, na wafanyabiashara hadi leo huyaita kwa majina ya bandari: la Surat, la Bombay. Leo kasha huwa meza ya sebuleni, na kosa la kwanza la mnunuzi ni kulipeleka kwa seremala aliyezoea vitanda vipya. Jioni hulikuta limepigwa msasa hadi mbao nyeupe, shaba imeng'arishwa kama kitasa cha benki, na vanishi inanukia. Thamani yake imebaki sakafuni pamoja na vumbi la msasa.

Fundi anayejua huanza kwa kulifungua na kunusa. Kisha hulala chali atazame chini ya droo, mahali ambapo waongo hawapigi rangi. Mbao za zamani huko huwa kavu, za kijivu, zenye alama za tezo zisizolingana. Mbao mpya zilizopakwa rangi ya viatu huacha weusi kidoleni. Matundu ya bungua si kasoro ya kumkimbiza mtu, ila unga mpya ukimwagika chini yake maana yake wenyeji bado wamo, na dawa iingizwe kwa sindano, tundu kwa tundu, kabla kasha halijakaa karibu na kabati lolote la nyumba. Baada ya hapo ni kitambaa kikavu, brashi laini na nta ya nyuki kidogo. Misumari iliyopotea hurudishwa michache. Pengo moja moja huachwa.

Mbao za jahazi lililovunjwa zina uzuri wa namna yake. Msumari wa chuma uliokaa miaka kwenye maji ya chumvi hula kutu, na ile kutu ikikutana na utomvu wa mti huchora duara jeusi lisilofutika. Juu ya meza ya kulia, maduara hayo hupangika kwenye mstari mmoja, pale mbao zilipokuwa zimeshikana na mataruma. Mafundi wengine huyaziba. Ni sawa na kumpaka mzee rangi ya nywele bila kumwuliza.

Kuna vitu, hata hivyo, ambavyo havifai kununuliwa kwa sababu ya uzuri tu. Mlango wa nakshi ni kimojawapo. Kwa sheria ya mambo ya kale ya Tanzania Bara ya 1964, mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki ni kitu kinacholindwa. Kenya, katika sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006, iliweka mpaka kwenye 1946. Mlango uliong'olewa kwenye nyumba iliyoachwa ibomoke ukawa kichwa cha kitanda cha hoteli umeuacha mtaa na jino pengo, na mnunuzi anaweza kujikuta akijieleza kwa maofisa. Hali kadhalika kiti cha enzi chenye vipande vya pembe za ndovu, au kitana cha ng'amba: biashara ya kimataifa ya vitu hivi imebanwa na mkataba wa CITES. Anayetaka mlango aagize mpya. Wachongaji wapo, na patasi zao bado zinakata.

Kwa asiye na mfuko wa makasha, pa kuanzia pengine ni kwenye picha za Tingatinga zinazouzwa Oysterbay, Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora 1968 kwa vitu vya mjini alivyoweza kupata: ubao wa hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Ubao mzima wa futi nne kwa nane hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, na ndiyo sababu chui na ndege wake wengi wanakaa katika mraba wa kiasi cha sentimita 60. Aliuawa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mwingine. Miaka minne tu ya kuchora haikuacha picha nyingi, kwa hiyo anayeuziwa "Tingatinga halisi" kwa bei ya chakula cha mchana amenunua kazi ya mwingine. Hata hivyo kazi ya mwingine si lazima iwe mbaya. Warithi wake wa usanii, walioandikisha ushirika wao 1990, wanachora na kuuza papo hapo, makopo ya rangi miguuni.

Hapo mnunuzi ana bahati ambayo mwenye kasha hana: fundi yuko hai, amekaa mbele yake. Basi picha ikishakauka aigeuze, ampe mchoraji kalamu, amwombe aandike mgongoni jina lake, mahali na mwaka.