Mbwa naye anataka 'kitu kidogo'!

WE msomaji mwenye mbwa, hebu tuambizane ukweli. Ni mara ngapi umemwita naye akakutazama tu kama konda anayedaiwa chenji?

Wa kwangu, Jimi, alikuwa bingwa wa mchezo huo. Geti likifunguliwa tu, huyoo, barabarani! Na barabara yenyewe ni ya Sinza, bodaboda na daladala zinapita kama zinafukuzwa. Siku moja breki zililia mpaka watu wakatoka vibandani. Jimi akaponea chupuchupu. Aliporudi nyumbani mwenyewe, mkia katikati ya miguu, nikamcharaza fimbo.

Hapo ndipo nilipochemsha. Mbwa haunganishi kipigo na kosa la nusu saa iliyopita. Anakiunganisha na alichofanya sasa hivi, yaani kurudi. Kumbe nilikuwa namfundisha asirudi!

Nikaanza upya kwa zawadi. Nako nikachemsha, maana nilikuwa nampa ugali wa jana. Bwana wee, ugali ndio chakula chake cha kila siku, autokee jasho kwa lipi?

Basi mwache achague mwenyewe. Weka chini vipande vitatu, mathalani dagaa wa Mwanza, firigisi ya kuchemsha na ini. Mshike kwanza avinuse, halafu mwachie uone anakimbilia kipi. Rudia siku nyingine ukiwa umebadilisha nafasi zake. Jimi alikwenda kwenye ini kila mara, firigisi ikafuata. Dagaa alikula ili mradi tu.

Ukishajua, panga bei. Kumwambia "kaa" uani ambako hakuna kinachomsumbua, dagaa anatosha. Lakini kumwita "njoo" wakati jike la jirani linapita, hapo unashindana na mapenzi, ndugu yangu! Toa ini, na ini hilo asilionje kwa kazi nyingine yoyote. Lichemshwe bila chumvi wala kitunguu, likatwe kama punje ya harage, asije akashiba kabla ya somo kwisha.

Si wote wenye uchu wa chakula. Mbwa wengi wanaofundishwa kunusa meno ya tembo au dawa za kulevya hulipwa mpira tu: akiipata harufu, anarushiwa mpira wake, anacheza na mwalimu, kazi imekwisha. Na kumpapasa kichwani je? Mpapase kidogo uache. Akisogea kutaka tena, sawa. Akikwepesha kichwa, ujue anakuvumilia.

Ila chokoleti, zabibu, vitunguu na bigijii zisizo na sukari weka mbali, vinaweza kumdhuru vibaya. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka ikamchoma ndani.

Halafu usichelewe! Amekaa, wewe unakwenda jikoni kutafuta ini, unarudi keshasimama, unampa. Umemlipa kwa kusimama. Ini liwe kwenye kikopo mfukoni, alipate papo hapo.

Jumamosi iliyopita geti lilibaki wazi. Jimi alikuwa keshavuka mtaro, lile jike liko ng'ambo ya barabara. Nikaita mara moja tu. Akasimama, akamtazama mwenzake, akanitazama mimi, hasa mfukoni. Akageuka mbio! Nilimpa vipande vinne mfululizo pale pale getini, mikono inanitetemeka. Dada yangu mpaka leo anauliza lile ini la mchuzi wa Jumapili liliishia wapi.