Amplifaya ya Valvu Ikipotewa na Njia Moja

Miongoni mwa amplifaya za gitaa zilizodumu kwa heshima mikononi mwa wapigaji, ni chache zinazoishinda Deluxe Reverb, iliyoanza kutengenezwa na Fender huko California, Marekani, mwaka 1963. Usoni pake pana njia mbili, moja ya kawaida na moja ya vibrato, kila moja na matundu yake ya kuchomekea gitaa na valvu yake ya kwanza. Na hitilafu inayoipata aghalabu katika uzee wake ni kwamba njia moja huvuma kama ilivyozoea, ilhali ya pili hunong'ona, hukwaruza au hunyamaza kabisa.

Asiye na subira hukimbilia kubadili kila kitu, naye kwa kweli huidhulumu amplifaya, maana huipokonya vipande vya asili vilivyoipa sauti yake, na yamkini kosa lenyewe akaliacha palepale. La kwanza ni kuisikiliza ile njia iliyo nzima. Njia hizi mbili ni mithili ya mifereji miwili imwagayo maji katika birika moja: zinakutana kwenye valvu inayoigawa sauti pande mbili, kisha hufuata valvu kubwa mbili za 6V6, transfoma na spika. Basi maadamu njia moja yasikika vyema, vyote vilivyo baada ya makutano hayo vimeondokewa na tuhuma kabla hata bisibisi haijashikwa.

Valvu za kwanza za njia zote mbili ni za namna moja, 7025, jamaa ya 12AX7. Amplifaya izimwe, valvu zipoe, zibadilishane nafasi. Kosa likihama pamoja na valvu, limejulikana, na lisipohama, itabidi kufungua.

Hapo pana hadhari kubwa. Ndani mna umeme wa zaidi ya volti 400, na kapasita kubwa huuhifadhi hata waya ukiwa umechomolewa ukutani. Umeme huo waweza kuua. Asiyejua kuumwaga kwa rezista, na kuthibitisha kwa mita kwamba umekwisha, na ampelekee fundi pasipo kuona haya.

Fundi naye huanza kwa hesabu. Umeme huingia kwenye anodi ya valvu kupitia rezista ya omu 100,000, na hutoka kwenye kathodi kupitia rezista ya omu 1,500. Ile ya kwanza ikipunguza volti 100, mkondo ni miliampia moja, na mkondo uo huo ukipita katika ya pili hauna budi kuacha volti moja na nusu. Hesabu hizo zikipatana, valvu yafanya kazi yake. Anodi ikikutwa na volti zote za chanzo, hapana mkondo upitao: ama valvu imekufa, ama rezista ya kathodi imekatika. Ikikutwa haina kitu, ilhali chanzo kina umeme, rezista ya anodi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Na volti zikiwa sawa lakini sauti ni dhaifu, itazamwe kapasita ya mikrofaradi 25 iliyofungwa sambamba na rezista ya kathodi, kwani hukauka kwa uzee. Nzima ikishikizwa juu yake, sauti huinuka papo hapo.

Namsifu sana fundi agongagonga kwa kijiti cha mbao kikavu, huku amplifaya ikilia, mpaka akaifikia lehemu iliyopasuka kwa duara jembamba kama unywele kuzunguka pini ya soketi. Mkwaruzo wa nobu ya volyumu nao watu huuita vumbi. Lakini mita ikionyesha volti kwenye nobu hiyo, kapasita iliyo kabla yake inavuja, na dawa ya kusafishia haitafaa kitu.

Njia ya vibrato ina jambo lake la peke yake: kijibomba cheusi chenye taa ndogo ya neoni na rezista ihisiyo nuru. Nobu ya nguvu ya mtetemo ikifunguliwa, na sauti ikadidimia badala ya kutetemeka, umeme ukiwa umekwisha kumwagwa mguu mmoja wa rezista hiyo ufunguliwe lehemu, kisha amplifaya ijaribiwe tena. Sauti ikirudi kamili, kibadilishwe hicho kijibomba peke yake.