Kiongozi Mkimya Kazini

Tukiambiwa tuchague kiongozi kazini, macho yetu huenda haraka kwa yule msemaji. Mkimya tunamwona hana uwezo. Je, ni kweli?

Mwaka 2011 Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti juu ya maduka ya piza nchini Marekani. Pale ambapo wafanyakazi walingoja kuelekezwa, meneja mchangamfu, msemaji, alileta faida kubwa zaidi. Lakini pale ambapo wafanyakazi wenyewe walizoea kutoa mawazo, mambo yaligeuka: duka la meneja mkimya ndilo lililofaidi. Msemaji huweza kuona wazo la mfanyakazi linampokonya nafasi. Mkimya hulipokea na kulifanyia kazi.

Jambo hili lina uzito zaidi mahali penye watu wa makabila, marika na lugha mbalimbali. Fikiria hospitali. Dada mfanya usafi, ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, huenda ndiye pekee aliyesikia mtungi wa oksijeni ukivuja. Mkuu wa wodi akianza kikao kwa kutoa msimamo wake, dada huyo hatafungua kinywa. Kiongozi mkimya huuliza, kisha hungoja (na kungoja ndiko kugumu), halafu yeye husema mwisho.

Hata hivyo, tusichanganye ukimya na woga. Mfanyakazi akidhihakiwa kwa kabila lake au ulemavu wake, kiongozi akanyamaza, huo si upole. Ameacha kazi yake. Hapo aseme, tena palepale, mbele ya wote waliosikia.