Fremu ya Mwisho Huandikwa Kwanza

Mwaka 1980, Marta Kutas na Steven Hillyard wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwasomesha watu sentensi neno moja moja huku wakipima umeme wa ubongo wao. Sentensi moja ilimhusu mtu aliyepaka mkate wa moto soksi. Ubongo ulikuwa umeshajiandaa kupokea siagi. Takriban milisekunde 400 baada ya neno "soksi" kutokea, vipimo vilionyesha wimbi la umeme ambalo sentensi za kawaida hazikulitoa. Wanasayansi wakaliita N400. Kwangu, huo ndio mtaji wa mchora vibonzo: msomaji lazima kwanza awe na hakika ya siagi.

Mwaka 2012, Neil Cohn na wenzake walilitafuta wimbi hilohilo kwa wasomaji wa Peanuts, vibonzo vya Charles Schulz. Fremu zilipochanganywa ovyo, wimbi lilikuwa kubwa. Zilipofuatana kihadithi, lilipungua fremu baada ya fremu. Maana yake, msomaji akifika fremu ya tatu keshatulia, anadhani anajua anakopelekwa. Hapo ndipo pa kumtegea.

Ila soksi peke yake haichekeshi. Jerry Suls alieleza mwaka 1972 kwamba kicheko kina hatua mbili: matarajio yavunjike, kisha msomaji agundue mwenyewe kwa nini jambo lile lina maana yake. Akikosa hatua ya pili, anabaki ameduwaa.

Ndiyo maana ni busara kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Chukua kichekesho kilichozoeleka cha mganga. Fremu ya kwanza ni kibao kando ya barabara: "Mganga. Anajua shida yako kabla hujaisema." Ya pili, mteja anakata uchochoro. Ya tatu, yuko mlangoni: "Hodi!" Ya nne, mlango bado umefungwa, na sauti inatoka ndani: "Nani?"

Andika "Nani wewe unayebisha?" na kichekesho kinalegea, kwa kuwa kiini kimetangulia na mkia unaburuta. Mruhusu mteja ajibu, "Si unajua yote, mbona unauliza?" na umempora msomaji ile hatua ya pili, ambayo ndiyo raha yake. Tena mchoraji ana taabu asiyoijua mchekeshaji wa jukwaani: jicho huziona fremu zote nne kwa mkupuo. Mchore mganga akichungulia dirishani, na siri imevuja kabla ya hodi.

Sasa, "Nani?" ni wazo la kwanza, na wazo la kwanza huwajia wengi. Brian Lucas na Loran Nordgren, katika utafiti wao wa 2015, waliwapa wachekeshaji mwanzo wa kisa, wakatunga miisho kwa dakika 4, kisha wakakisia wangepata mingapi wakiongezewa dakika 4 nyingine. Walikisia pungufu ya walivyokuja kupata. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo, mawazo yaliyokuja baadaye ndiyo yaliyoonekana ya kibunifu zaidi. Mng'ang'anie mganga wetu, basi, na huenda ukafika kwenye mlango wenye kufuli na karatasi iliyobandikwa: "Leo hatupo. Tumepatwa na jambo la ghafla." Hakuna anayesema neno, na kwa maoni yangu mwisho huu unaishinda ile "Nani?" kwa mbali.

Mwaka 2016, Ori Amir na Irving Biederman waliwalaza wachekeshaji na watu wa kawaida ndani ya mashine ya MRI, wakawataka wazitungie maneno katuni za The New Yorker. Kadiri mtu alivyokuwa mzoefu, ndivyo sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusishwa na kuongoza msako wa mawazo, ilivyoshughulika kidogo, na maeneo ya pembeni, dhana zinakokutanishwa, yakashughulika zaidi. Mkongwe hasaki sana. Huacha vitu vigongane.

Uzoefu huo, hata hivyo, haumwezeshi kujishtua mwenyewe. Anaijua fremu ya nne kabla ya kuchora ya kwanza, na akishakirudia kibonzo chake mara kadhaa, hana tena matarajio ya kuvunjwa. Dawa ni kumpa karatasi mtu asiyejua lolote, awe mhasibu au dereva wa gazeti, bila maelezo, na kumtazama usoni. Akicheka, unapitisha wino. Akiuliza "Halafu?", unatafuta kifutio.