Kufundisha kwa Kiungo Kilicholika: Somo la Usukani wa Trekta

Walimu wanafunzi wengi hudhani kwamba zana za kufundishia ni zile tu zinazotundikwa ukutani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kazi moja ya karakana, yaani kubadilisha kiungo kilicholika cha usukani wa trekta, iwezavyo kuwa somo zuri kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Hatukusudii kuwafanya watoto kuwa mafundi. Kufungua na kufunga ni kazi ya fundi au dereva aliyefunzwa. Kazi ya watoto ni kuona, kupima na kusema sababu.

Tangu mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, shule za Tanzania zimehimizwa kuunganisha masomo na kazi. Lakini kazi isiyoulizwa sababu zake humwachia mtoto jasho tu.

Kosa letu la kwanza

Tungali tunakumbuka tulipofundisha somo hili kwa mara ya kwanza. Tulimwomba dereva wa trekta ya kijiji abadilishe kiungo mbele ya darasa, nasi tukasimama kando tukitaja jina la kila kifaa. Wanafunzi walituitikia kwa sauti moja, tukaridhika. Juma lililofuata tukawauliza kwa nini pini ya zamani haikurudishwa. Wote waliijua pini kwa jina; hapana hata mmoja aliyejua kazi yake. Tena, kwa shauku ya kusema, hatukumkumbusha dereva kuhesabu mizunguko alipokifungua kiungo. Trekta ikatoka na magurudumu yasiyoelekeana sawasawa, na matairi ya mbele yakaanza kulika upande. Toka siku hiyo tumeshika kanuni moja: hatua isifanywe kabla wanafunzi hawajaisema sababu yake.

Kianzio: mfupa wa mbuzi

Yafaa kuanza na kile mtoto anachokijua. Tafuta buchani mfupa wa paja la mbuzi pamoja na sehemu ya nyonga unapoingia. Wanafunzi wataona kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe na kugeuka pande zote bila kuchomoka. Kiungo cha usukani, ambacho mafundi hukiita tairodi endi, kimejengwa vivyo hivyo: tufe la chuma ndani ya kikombe cha chuma, likilainishwa kwa grisi na kukingwa vumbi kwa mpira. Kutoka katika tufe hutokeza shina lenye umbo la pia, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, linaloingia katika mkono wa gurudumu na kukazwa kwa nati. Kiungo hiki huunganisha fimbo ya usukani na gurudumu, nacho huliwezesha gurudumu kugeuka hata trekta ikipita mashimoni.

Mpira ukipasuka, vumbi na maji huingia, grisi huchafuka, na chuma husaga chuma. Hapo tufe huanza kucheza ndani ya kikombe. Waulize wanafunzi: likichomoka trekta ikiwa barabarani na tela lililojaa mahindi, nani ataligeuza gurudumu? Acha wanyamaze kidogo. Swali hilo ndilo linaloipa kazi yote uzito wake.

Kutambua ubovu

Trekta isimame mahali tambarare, injini izimwe, breki ifungwe. Dereva auzungushe usukani kidogo kulia na kushoto, nao wanafunzi wawili wawili watazame kiungo wakiwa kando, si mbele wala nyuma ya gurudumu. Kiungo kizima hupokea mwendo papo hapo. Kilicholika hutikisika kwanza, ndipo gurudumu lifuate. Kila mwanafunzi aandike alichokiona kabla mwalimu hajatamka neno.

Hatua na sababu zake

Kwanza, magurudumu ya nyuma huwekewa vigingi, na sehemu ya mbele ikiinuliwa kwa jeki hukalishwa juu ya magogo imara. Sababu: jeki huweza kuteleza au kushuka. Mtu asiingie chini ya trekta inayoshikiliwa na jeki peke yake.

Pili, hupimwa urefu kutoka katikati ya kiungo hadi alama iliyotiwa kwenye fimbo. Sababu: urefu huo ndio unaoyaelekeza magurudumu.

Tatu, pini huondolewa na nati hulegezwa, lakini haitolewi yote. Fundi huegemeza nyundo nzito upande mmoja wa mkono wa gurudumu na kupiga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Sababu: shina la pia limekabana katika tundu lake, na mshtuko hulegeza mkabano huo, nati iliyobaki huzuia fimbo isianguke ghafla. Ncha ya shina haipigwi, kwa maana hesi zake zitaharibika.

Nne, nati au kibano cha fimbo hulegezwa, kisha kiungo huzungushwa kutoka huku darasa zima likihesabu mizunguko kwa sauti. Kipya huingizwa kwa hesabu ile ile, na kipimo cha awali hurudiwa. Tahadhari: katika fimbo nyingine ncha moja huwa na hesi zinazofungwa kwa kuzungushwa kushoto.

Tano, shina na tundu hufutwa vikauke, bila kupakwa grisi, kwa sababu hushikana kwa kukabana. Nati hukazwa kwa nguvu inayotajwa katika kitabu cha mashine. Tundu la pini lisipolingana, nati huongezwa kukazwa kidogo, hairegezwi kamwe. Pini huwa mpya, kwani waya uliokwisha kukunjwa na kunyooshwa huwa dhaifu, nayo ndiyo mlinzi wa nati.

Hisabati ya magurudumu

Kazi haijakwisha mpaka magurudumu yapimwe. Yakielekea mbele sawasawa, tia alama ya chaki upande wa mbele wa kila tairi la mbele, usawa wa kitovu cha gurudumu, kisha pima umbali baina ya alama hizo. Trekta isogezwe na dereva hadi alama zifike nyuma kwa usawa ule ule, upime tena. Tuseme mbele ni milimita 1,284 na nyuma ni milimita 1,288: tofauti ni milimita 4, maana yake magurudumu yanaelekeana kidogo kwa mbele. Wanafunzi walinganishe jibu lao na kitabu cha trekta hiyo. Likihitilafiana, fundi hurekebisha urefu wa fimbo, nao hupima upya. Hapa kutoa hesabu kuna faida inayoonekana, na kosa la milimita lina bei yake katika matairi.

Kupima uelewa

Usiwaulize wanafunzi majina ya vifaa tu. Wape kile kiungo cha zamani kilichosafishwa, wakitikise mikononi mwao, kisha kila mmoja aeleze kiliharibikaje na nini kingetokea kama kingeachwa. Mwanafunzi anayesema, "Mpira ulipasuka, vumbi likaingia," amekwisha kufikiri kama fundi, hata kama jina la spana limempotea.

Nawe, mwalimu mwenzetu, usikitupe kiungo hicho. Kiweke kabatini pamoja na mfupa wa mbuzi. Mwaka ujao darasa jingine litavihitaji vyote viwili.