Mahindi Hupimwa Mpakani, Sumu Huanzia Shambani

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliwaandikia watu wa forodha: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie tena nchini, kwa kuwa yamekutwa na sumukuvu kupita kiwango. Malori yakakwama mpakani Namanga na shehena zake. Siku chache baadaye Nairobi ililegeza kamba, ila kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na kila mzigo uwe na cheti kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Kiwango hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, si cha Kenya peke yake. Wengi walisema wakati ule kwamba Kenya ilikuwa inawalinda wakulima wake tu. Lakini Wakenya wana sababu ya kuogopa: mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 msiba ukabisha hodi Tanzania, watu wapatao 20 wakapoteza maisha katika mikoa ya kati.

Sumukuvu haiishi kwa kupika ugali. Wala haisambai sawasawa ndani ya mzigo: punje chache zenye kuvu zinaweza kuchafua gunia, na gunia la pembeni likawa salama kabisa. Mkaguzi akichoma bambo kwenye gunia moja na kuyaacha mengine, anaweza kupitisha sumu au kukataa mahindi mazuri. Sampuli lazima zitolewe sehemu nyingi za lori, zichanganywe, zisagwe, ndipo zipimwe. Kazi hiyo inataka muda, na kila siku ambayo lori limesimama ni hasara.

Njia rahisi iko nyumbani kwa mkulima. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, juu ya turubai, maana kuvu wenyewe wanaishi udongoni. Asiye na kipima unyevu atie punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, aitikise. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudi juani.

Kinachokwamisha ni bei. Turubai linanunuliwa, na mahindi yaliyokauka vizuri yanapungua uzito. Mnunuzi anayelipa kwa kilo bila kuuliza unyevu anampa faida yule aliyewahi kupukuchua mahindi yakiwa mabichi, na aliyesubiri jua anaambulia hasara. Soko la namna hiyo linamfundisha mkulima kuharakisha.

Basi wenye viwanda vya unga, wafanyabiashara wa mpakani na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania waanze kulipa zaidi kwa mahindi makavu yaliyopimwa, na bei hiyo itangazwe kabla ya msimu wa kuvuna.